Neno Alilolisahau Kinanda

Kidole cha Kinanda kiko pale pale ulipokiacha wiki iliyopita, msomaji: juu ya kitufe, unywele mmoja tu kabla ya maafa. Kwenye skrini, kompyuta inamuuliza kwa upole kabisa: *Vitu vyote vitafutwa. Uendelee?*

Na nyuma yake, mlangoni, ile sauti.

"Usibonyeze! Nimesema usibonyeze, mama!"

Kinanda hakushtuka. Tangu amzike mume wake, wiki tatu sasa, hakuna kilichomshtua. Aligeuza shingo taratibu akamwona Mzee Waya, fundi wa kompyuta wa ofisi, kashikilia mlango anahema kama aliyekimbizwa na nyuki. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa nne kwa magoti ya miaka hamsini na tisa.

"Nani kakwambia ufute?"

"Naibu."

"Naibu Mkurugenzi kasema ufute kompyuta nzima?"

"Kasema ina kasoro. Ikianzishwa upya, faili litafunguka."

"Litafunguka!" Mzee Waya alicheka bila furaha. "Hiyo ni kuchoma nyumba kwa sababu umepoteza ufunguo. Ondoa mkono."

Kinanda akaondoa mkono. Angeambiwa aurudishe, angeurudisha. Ndivyo alivyokuwa siku hizi: ukimwambia kaa, anakaa, ukimwambia kula, anakula, ukimuuliza amekula nini, hajui.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, mambo yako hivi. Kinanda ni katibu muhtasi katika ofisi ya ukaguzi wa majengo, na jina hilo alipewa kwa jinsi vidole vyake vinavyocheza juu ya vitufe. Wiki tatu zilizopita, Mhandisi Mkuu alirudi kutoka kukagua bweni jipya la shule ya wasichana akiwa amekunja uso. Aliandika ripoti kwa mkono, akamkabidhi aichape. "Ukimaliza, lifunge faili kwa neno la siri. Hata mimi usiniambie. Kesho tutalifungua pamoja, nisaini."

Kesho hiyo haikufika. Mchana ule ule Kinanda alipigiwa simu kwamba mume wake, dereva wa lori, amefariki baada ya breki kukataa mteremkoni. Siku mbili baadaye Mhandisi Mkuu alianguka bafuni kwake. Nusu ya mwili ikapooza, ulimi ukafungika. Yale makaratasi ya mkono hayakuonekana tena. Na mkandarasi, mtu mwepesi, akazipiga nyufa za bweni lipu na rangi mpaka ukuta ukang'aa kama bi harusi.

Leo, saa saba mchana, wasichana mia moja na sitini wanarudi kutoka likizo kulala humo.

Kitu pekee kinachojua kilicho chini ya ile rangi ni faili hilo. Na mtu pekee aliyeliwekea neno la siri amelisahau.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro kumi.

"Kwanza nakala," Mzee Waya alisema, akichomeka flashi. "Faili lisilofunguka linaogopwa na watu wawili: asiyelijua na anayelijua. Tukiwa nalo mfukoni, hata kompyuta hii waitupe dirishani."

"Halafu?"

"Halafu tunaangalia ni kufuli gani. Kuna kufuli ya kuzuia kuandika tu. Hiyo ni komeo la choo, ukisukuma linaachia. Unanakili maandishi yote unayahamishia kwenye faili jipya, kazi imekwisha." Akabofya. Kisanduku cheupe kikatokea katikati ya skrini, kikidai neno. Mzee Waya akashusha pumzi. "Hii siyo ya choo. Hii inazuia hata kulifungua faili lenyewe."

"Huwezi kuivunja?"

"Ingekuwa faili la zamani, ningeivunja huku nakunywa chai. Hili ni la kisasa. Kuna programu za kubahatisha, lakini neno refu kidogo linaweza kuzichukua miaka. Na zile za mtandaoni, nusu ni wezi. Umejaribu maneno gani?"

Kinanda akamsogezea karatasi. Alikuwa ameyaandika kwa mwandiko wake safi, moja chini ya jingine: majina ya watoto wake wawili, tarehe ya ndoa, mtaa aliozaliwa, hata paka aliyekufa zamani. Arobaini na moja. Yote alikuwa ameyapiga mstari kwa rula.

"Mama," Mzee Waya alisema taratibu, "siku ile unakumbuka nini?"

"Nakumbuka simu kwenye kitambaa cha buluu cha meza. Ilikuwa inatetemeka inasogea."

"Halafu?"

"Halafu nakumbuka makaburini. Viatu vilikuwa vinanibana."

"Katikati?"

"Hakuna katikati, mzee."

Alivyosema hivyo, ungedhani anasoma taarifa ya mtu mwingine. Simu ya mezani ikalia.

Ilikuwa sauti ya Naibu, tamu kama sharubati. "Vipi, dada yangu, umeshafuta?"

Kinanda alimtazama Mzee Waya. Mzee Waya alitikisa kichwa mpaka miwani ikashuka puani.

"Inaendelea, bwana," Kinanda alisema.

Miaka kumi na sita katika ofisi hiyo, huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza. Alirudisha mkonga wa simu akasubiri moyo udunde. Haukudunda.

"Una kipaji," Mzee Waya alinong'ona. "Siku ile umeme ulikatika?"

"Sijui."

"Kompyuta inajua." Vidole vyake vikaanza kuchimba, folda ndani ya folda. "Umeme ukikatika ghafla, mashine huwa inabaki na nakala ya dharura ya ulichokuwa unaandika. Na kama hapo ulikuwa hujaweka neno la siri… Subiri. Subiri kidogo. Mama! Hii hapa!"

Faili likafunguka bila kuuliza chochote.

RIPOTI YA UKAGUZI WA BWENI JIPYA. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mzee Waya alipiga kofi la furaha. "Si nilikwambia! Kuku hafi na mayai yote!"

Kinanda aliendelea kusoma, macho yakishuka mstari kwa mstari. Kisha akanyoosha kidole.

"Imekatika."

Kweli. Ukurasa wa tatu uliishia katikati ya sentensi: *Nguzo ya tatu upande wa ngazi ina ufa wenye upana wa*

Baada ya hapo, weupe mtupu. Hakuna kipimo, hakuna picha, hakuna pendekezo. Kurasa tatu za maelezo ya barabara ya kufikia shule na idadi ya madirisha. Mkandarasi angezitumia kufungia maandazi.

Mzee Waya aliketi kama gunia lililodondoshwa. Ndipo jicho lake likaangukia kwenye saa ya faili.

"Nakala hii ilihifadhiwa saa tisa kasoro robo. Simu ya msiba uliipata saa ngapi?"

Kinanda akatoa simu yake, akairudisha orodha nyuma mpaka siku ile. Namba ya wifi yake. "Saa tisa kasoro kumi."

"Na lile lililofungwa…" Mzee Waya akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. "Lile lilihifadhiwa mara ya mwisho saa kumi na dakika tano."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati.

"Yaani," Kinanda alisema, "niliambiwa amekufa, nikakaa, nikaendelea kuchapa."

"Zaidi ya saa nzima."

"Nikamaliza."

"Ukamaliza, ukalifunga."

Aliitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa imetulia, kucha zimekatwa vizuri. Alitaka kuionea aibu, hata aibu haikuja.

"Basi hilo neno hukulitoa kwa watoto wala kwa paka," Mzee Waya alisema. "Ulilitoa kwenye ile simu. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kichwani mwako. Aliyekupigia alisema nini?"

"Sikumbuki."

"Yeye atakumbuka."

Hapo ndipo penye mwiba, msomaji. Aliyepiga simu ile ni wifi yake, dada wa marehemu, na wifi mtu hakuwa amempa Kinanda hata salamu tangu mazishi. Mbele ya waombolezaji wote alikuwa amesema: "Mwanamke gani huyu, anazika mume kama anayepeleka barua posta!" Na zaidi ya hapo, wifi huyo ndiye matroni wa bweni lile lile. Atalala chini ya paa lile lile na wale wasichana.

Saa tano na nusu. Kinanda akapiga.

Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Unataka nini?" Nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na kelele za masanduku yakiburutwa kwenye sakafu na wasichana wakiitana.

"Wifi, wamefika?"

"Nusu yao wamefika mapema. Wako juu wanagombea vitanda. Sema, nina kazi."

"Siku ile uliponipigia simu, uliniambia nini?"

Sauti ya wifi ilipanda. "Wewe umerogwa? Wiki tatu hujatoa chozi, leo unanipigia kazini uniulize niliku—"

"Wifi, nakuomba. Neno kwa neno. Kuna faili hapa nililifunga baada ya simu yako. Ndani yake kuna vipimo vya nyufa za bweni lako. Nimesahau neno la kulifungulia, na siku ile sikumbuki chochote. Hata sauti yako siikumbuki."

Masanduku yaliendelea kuburutwa. Mlango ukafungwa upande wa pili, kelele zikapungua.

"Nilikwambia, 'Wifi, kaa chini,'" alisema wifi mtu, sasa kwa sauti ndogo. "Ukasema, 'Nimekaa.'"

Kinanda akaandika: *nimekaa*. Kisanduku kikakataa.

"Endelea."

"Nikakwambia, 'Lori limepinduka. Kaka hatunaye.' Hukusema kitu. Nikaita, 'Wifi? Wifi?' Ukaniuliza, 'Saa ngapi?'"

"Niliuliza saa?"

"Uliuliza saa. Nikakujibu. Ukauliza tena, 'Saa ngapi?' Nikakujibu tena. Ukauliza mara ya tatu, kwa sauti ile ile, kama mtu anayesubiri basi. Mimi natetemeka, kaka yangu yuko chini ya shuka, wewe unataka saa!" Sauti ikamkatika. "Ndiyo maana nikakuchukia. Nilisema moyoni, huyu hakumpenda kaka yangu hata siku moja."

"Mimi pia nimekuwa nikijiuliza hivyo hivyo," Kinanda alisema.

Hakukusudia kumuumiza mtu wala kujihurumia. Alisema kwa sababu ilikuwa kweli. Upande wa pili, wifi mtu alianza kulia, siyo kile kilio cha msibani chenye maneno, bali cha mtu aliyechoka.

"Uliponijibu, ulisema saa ngapi?"

"Saa nane na dakika ishirini. Daktari ndivyo alivyoandika."

Vidole vya Kinanda vikaenda. *saangapi*. Kikakataa. *saanane*. Kikakataa. *saananenadakikaishirini*. Kikakataa.

"Mhandisi alikuwa na sheria gani ya maneno ya siri?" Mzee Waya aliuliza, kidevu kikikaribia kugusa skrini.

"Lazima liwe na herufi na namba."

Walitazamana.

Kinanda akaandika: *saanane20*.

Kisanduku kikatoweka. Skrini ikajaa maandishi.

Mzee Waya alirusha mikono juu kama aliyefunga goli, kisha akakumbuka neno hilo ni neno gani, akaishusha taratibu. "Pole, mama," alisema. "Pole sana."

Kinanda alikuwa ameshafika ukurasa wa nne. Alisoma kwa sauti kwenye simu, bila kupandisha wala kushusha, kama anavyosoma barua za ofisi kila asubuhi:

"'Nguzo ya tatu upande wa ngazi ina ufa wenye upana wa milimita kumi na tisa, unaopita upande mmoja hadi mwingine. Nondo zilizotumika ni nyembamba kuliko zilizoidhinishwa. Ghorofa ya pili na ya tatu zisikaliwe na mtu yeyote, hata kwa usiku mmoja.' Wifi, unanisikia?"

"Milimita kumi na tisa!"

"Kidole changu kinaingia. Watoe."

"Mwalimu Mkuu atasema nimepata wazimu. Amealika wazazi, kuna utepe wa kukata—"

"Wifi. Watoe."

Simu haikukatwa, iliwekwa mahali. Kinanda alisikia kengele ikigongwa kwa pupa, kisha sauti ya wifi yake, ile ile iliyomtukana makaburini, sasa ikinguruma kwenye ngazi: "Kila mtu chini! Acheni masanduku! Nimesema acheni! Wewe mwenye kioo, kioo kitakuzika? Teremka!" Miguu mingi, mingi, ikashuka kama mvua juu ya bati. Ilichukua dakika sita. Kinanda alikaa ameshika simu sikioni mpaka mguu wa mwisho.

"Wako uwanjani," wifi mtu alirudi akihema. "Wote. Nimewahesabu mara mbili. Mwalimu Mkuu anakuja huku amefura. Nitumie hiyo karatasi, nimpige nayo usoni."

"Inakuja."

"Wifi…"

"Naam."

"Jioni nitakuja kwako. Nitapika mimi. Wewe utakaa tu."

"Haya," Kinanda alisema.

Mzee Waya alikuwa ameshahamisha kila kitu kwenye flashi. Printa ya ghorofa ya nne ilikuwa imekufa siku nyingi. Ya kuaminika ilikuwa chini, masjala. "Nachapa nakala tano," alisema. "Moja ya shule, moja ya polisi, moja ya Mkurugenzi, moja ya kwako, moja naificha mahali hata mke wangu hapajui. Usifungue mlango kwa mtu." Akashuka, magoti yakilalamika.

Usifungue mlango kwa mtu! Mlango wenyewe ulikuwa wazi, na kabla nyayo za mzee hazijapotea, Naibu alikuwa amesimama pale, koti begani, tabasamu mahali pake.

Aliitazama skrini. Tabasamu halikuondoka, lilibadilika tu.

"Kumbe umelifungua."

"Ndiyo, bwana."

Kinanda alingoja ngurumo. Badala yake Naibu alivuta kiti, akaketi karibu naye, akaongea kwa upole wa mtu anayemlaza mtoto.

"Dada yangu, mimi siyo adui yako. Unadhani nilitaka lifutwe kwa sababu ya mkandarasi? Nilitaka lifutwe kwa ajili yako. Wewe ni mjane wa wiki tatu. Ukurasa wa mwisho usiusome. Uondoe, chapa zilizobaki, na mimi mwenyewe nitasaini kwa niaba ya Mhandisi. Bweni lifungwe, watoto wawe salama, yaishe."

Maneno mazuri. Mtu yeyote mwenye uchungu angeyashika. Lakini Kinanda hakuwa na uchungu. Alikuwa ganzi tupu, na mtu mwenye ganzi hasikii baridi wala joto. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukashusha kurasa mpaka ya mwisho.

*Habari za kubadilishwa kwa nondo na kupunguzwa kwa saruji nimeletewa leo asubuhi na dereva wa mkandarasi mwenyewe, lori namba 417. Dereva huyo ameniambia ametishwa mara mbili, lakini yuko tayari kushuhudia mbele ya chombo chochote.*

Mia nne kumi na saba. Namba hiyo Kinanda aliishona kwa mkono wake kwenye mfuko wa ovaroli ya mume wake, kwa uzi mwekundu, na kila ulipofumuka aliushona upya.

Mume wake alikuja hapa asubuhi ile. Alikaa chumbani kwa Mhandisi, nyuma ya ukuta huu, akasema aliyoyasema, akaondoka bila kumpungia mkono, ili asimwingize kwenye hatari. Saa nane na dakika ishirini alikuwa maiti. Na yeye, mke, alikaa kwenye kiti hiki akayachapa haya yote, akaweka nukta mahali pake.

"Nilikuonya," Naibu alisema kwa huzuni. "Nilijua yatakuumiza."

Kinanda aligeuka akamtazama. Kitu kilikuwa kinatokea kifuani mwake, mbali, kama mguu uliolaliwa unapoanza kurudiwa na damu.

"Bwana," alisema, "faili hili nililifunga mimi, siku ile ile. Halijafunguliwa na mtu mpaka robo saa iliyopita, na yale makaratasi ya mkono yalipotea."

"Najua."

"Sasa wewe umejuaje kilichoandikwa ukurasa wa mwisho?"

Naibu alimtazama kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Kisha, bila kuinuka kwenye kiti wala kuyatoa macho usoni mwake, alinyoosha mguu mmoja nyuma na kuusukuma mlango, mpaka kitasa kikalia *tka*.